Methali za chakula na waliokaa kwenye sinia

Mwaka jana niliandika makala kuhusu methali za Kiswahili zinazotaja chakula, nikaipeleka kwa mhariri wa jarida moja. Ilikuwa na methali 41, zimepangwa kwa mfuatano wa herufi, na kila moja ikiwa na maelezo yake. Baada ya wiki mbili ilirudi. Mhariri hakulalamikia lugha, wala hakuonesha methali iliyonukuliwa vibaya. Aliandika maneno machache pembezoni mwa ukurasa wa kwanza, kwamba wasomaji wake wanazijua methali hizi tangu utotoni, na kwamba makala haimwambii mtu azifanyie nini anapokaa kula na watu wake.

Neno hilo nilikaa nalo siku nyingi. Orodha za methali si jambo geni kwetu. Mmisionari wa Kiingereza William Taylor, aliyeishi Mombasa, alichapisha mkusanyiko wake mwaka 1891, na mwaka 1958 ukatoka mkusanyiko wa Shaaban Saleh Farsi wa misemo ya Zanzibar. Anayetaka orodha anajua pa kuitafuta. Kilichotakiwa ni kitu kingine. Methali ya chakula kwa kawaida husemwa pale chakula kilipo, baina ya watu wanaojuana, na mmoja wao ndiye inayemlenga. Ukiiondoa hapo ukaiweka kwenye orodha, maneno yanabaki yale yale lakini wale watu hawaonekani tena.

Basi nilishika kalamu upya, na safari hii kazi ilikuwa ya kupunguza. Kila methali niliiuliza maswali matatu: Ni nani huisema? Humwambia nani? Na huyo aliyeambiwa huinuka kwenye chakula akiwa katika hali gani? Methali ambayo sikuipatia majibu kwa watu wanaoishi nayo niliiweka kando, hata kama ilikuwa tamu masikioni. Katika zile 41 zilibaki chache, na nyingine moja ikaingia ambayo haikuwamo. Makala hiyo mpya sikuirejesha kwa mhariri yule. Nimeona mahali pake hasa ni ukurasa huu wa familia, kwa kuwa majibu mengi niliyapata majumbani mwa watu wa msikiti wetu.

Kibaba cha bibi

Niliianza kazi kwa mama mmoja mtu mzima ambaye kwa miaka mingi ndiye msimamizi wa majungu katika shughuli zetu za msikitini. Nilimkuta barazani anachagua mchele. Baada ya kumwamkia nilimuuliza kuhusu "Haba na haba hujaza kibaba". Nilitazamia aniambie kuhusu kuweka akiba ya fedha, kama tunavyofundishwa shuleni. Yeye aliinuka, akaingia ndani, akarudi na debe dogo lenye mfuniko.

"Hiki ndicho kibaba changu," alisema. "Mimi nina kisukari, mwanangu. Daktari amenikataza kufunga, na ameniambia si kwa mwaka mmoja."

Kila siku kabla ya kutia mchele chunguni, mama huyu hutenga konzi moja na kuitia ndani ya debe lile. Ramadhani inapoingia, mchele uliokusanyika huupima kwa kibaba, na kila siku humpelekea mwenye kuhitaji kibaba kimoja, ikiwa ndiyo fidia ya swaumu ya siku ile. Hanunui kitu cha ziada. Fidia yake ya mwezi mzima hutoka katika konzi za mwaka mzima.

Hapa inafaa tukumbushane jambo ambalo vijana wengi wamelisahau. Kibaba ni kipimo hasa, na katika fiqhi yetu ya madhehebu ya Imamu Shafi ndicho kinachosimama mahali pa mudi. Vibaba vinne hufanya pishi moja, kama mudi nne zinavyofanya swaa moja. Pishi moja ndiyo zaka ya fitri ya mtu mmoja, ambayo siku hizi wengi wetu tunaitoa kwa kukadiria kilo 2.5 za mchele. Na kibaba kimoja kwa kila siku ndiyo fidia ya mzee asiyeweza kufunga, au mgonjwa ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona. Kwa mwezi wa siku 30 mama yule hutoa vibaba 30, yaani pishi saba na nusu.

Tangu siku ile nikisikia methali hiyo siifikirii tena benki. Wazee waliotaja kibaba walitaja kipimo walichokuwa nacho jikoni, kipimo cha chakula cha mtu mmoja. Konzi moja haionekani ikipungua katika chungu cha familia. Lakini katika nyumba ambayo kila siku konzi moja hutengwa, watoto hukua wakijua kwamba katika kila chungu mna sehemu isiyo yao. Nilimuuliza mama yule kama wajukuu zake wanalijua debe lile. Alijibu kwamba siku hizi mkono unamtetemeka, na kwa hiyo mjukuu wa kike wa miaka minane ndiye anayetenga, na tena huitia konzi kwa "Bismillahi".

Mgeni na jembe

Methali ya pili ilinifikia kwa njia ambayo sikuitafuta. Kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, mambo ya familia yanayofika kwa imamu mara nyingi hupitia mikononi mwangu. Hili nalieleza kwa idhini ya wenyewe, bila jina na bila mtaa.

Mama mmoja alikuja mjini kwa mwanawe wa kiume ili apate matibabu ya macho. Matibabu yalirefuka, na wiki zikawa miezi mitatu. Jioni moja familia ilikuwa imekaa mkekani, sinia ya wali na mchuzi wa samaki iko katikati. Mtoto mkubwa alimaliza kula, akainuka aende zake bila kusaidia kuondoa vyombo. Mama yake akamwambia, "Wewe umekuwa mgeni hapa? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Baba akacheka. Bibi alinawa mkono, akasema ameshiba. Asubuhi yake, baada ya sala ya Alfajiri, alichukua mkoba wake akaenda kwa binti wa nduguye upande wa pili wa mji.

Mwanawe alipokuja msikitini alikuwa amechanganyikiwa. Alisema mkewe hakumkusudia mama, na mkewe naye alilia akiapa hivyo hivyo. Imamu alinituma mimi pamoja na mama mmoja wa kamati twende tukamsikilize.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Aliacha tumalize kueleza tulichotumwa, kisha akasema taratibu, "Yule binti hakunitukana. Alimwambia mtoto, na mtoto alistahili kuambiwa. Lakini mwanangu mimi, aliposikia yale maneno alinitazama, kisha ndipo akacheka. Macho yangu ni mabovu, lakini hilo nililiona."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulirudi tukamweleza imamu kama tulivyosikia, naye akamwita yule kijana peke yake.

Imamu alimkumbusha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mgeni ana haki yake iliyopangwa. Katika hadithi sahihi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Shurayh (RA), Mtume (SAW) alifundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka ya mwenyeji. Na mgeni naye akakatazwa kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Kwa hiyo hata dini imeuwekea ugeni mpaka, na wazee wetu hawakutunga methali yao kwa uchoyo mtupu. La pili ni kwamba mpaka huo haumhusu mzazi. Mama hana siku ya kwanza wala ya tatu katika nyumba ya mwanawe. Mzazi asiyejiweza, matumizi yake ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo, na Mwenyezi Mungu (SW) katika Surat Al-Israa, aya ya 23, amekataza hata ile pumzi ya kuchoka ambayo mtoto huitoa mbele ya mzazi wake. Ikiwa pumzi imekatazwa, kicheko kina hukumu gani?

Kijana alikwenda mwenyewe, akakaa chini mbele ya mama yake. Waliyoambiana hayatuhusu. Siku ya tano mama alirudi. Tuliyoyasikia baadaye kutoka kwa mkwewe ni kwamba siku aliyorudi aliomba jembe. Walimkatalia kwa sababu ya macho, akashikilia. Nyuma ya nyumba sasa kuna matuta mawili ya mchicha, ambayo huyapalilia kwa kupapasa, na mkwewe humwelekeza magugu yalipo.

Katika makala ya kwanza methali hii ilikuwa na maelezo ya mstari mmoja, kwamba inamfundisha mgeni asizidishe kukaa. Maelezo hayo yapo katika vitabu na ni sahihi. Lakini wazee niliowauliza baada ya tukio lile waliongeza jambo. Walisema jembe halikuwa la kumfukuzia mtu. Anayetaka kumfukuza mgeni humnyima chakula, hampi jembe. Anayepewa jembe ameingizwa katika kazi ya nyumba, na anayelima na wewe hula na wewe bila kukaribishwa, kwa kuwa amekwisha kuwa mwenyeji. Mama yule bila shaka aliijua maana hiyo kabla yetu sote.

Mkono mtupu

Methali ya tatu ni "Mkono mtupu haulambwi". Picha yake ni ya chakula kabisa. Mkono uliokula huwa na mabaki ya kulambwa, na sote tunajua kuwa kulamba vidole kabla ya kupangusa ni katika adabu za kula alizotufundisha Mtume (SAW). Mkono usiogusa chakula hauna cha kulambwa.

Nilipowauliza akina mama wa darasa la Alhamisi wanaitumia wapi, karibu wote walitoa jibu moja. Humwambia binti anayekwenda kumtazama mgonjwa au mzazi aliyejifungua: usiende mikono mitupu, mwanangu, mkono mtupu haulambwi, na hapo hutiwa uji kwenye chupa, au hufungwa mayai matatu katika kitambaa. Mwenye kuisema ndiye anayetoa, na anayeambiwa hujifunza kutoa.

Nilipowauliza vijana wa kiume, jibu likawa jingine. Mmoja wao alikuwa ameomba kazi ya udereva mahali fulani. Vyeti vyake vilikuwa kamili, na mwenye kupokea maombi akamnong'oneza methali hiyo hiyo. Kijana hakuwa na kitu, akarudi nyumbani. Swali aliloniuliza lilikuwa zito kuliko alivyodhani: kwa kuwa wazee wamesema, je, kuna ubaya mtu akikopa akatoa?

Nilimjibu kwa kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humayd As-Saidi (RA). Mtume (SAW) alimtuma mtu mmoja, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume (SAW) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama hiyo zawadi ingemfuata huko. Kipimo hicho hakijachakaa. Chupa ya uji humfuata mgonjwa popote alipo, hata kama hana cheo. Bahasha ya kijana yule ingemfuata mwenye kile kiti tu, na siku akiondoka kwenye kiti isingemfikia.

Ndugu msomaji, methali hueleza watu walivyo. Si amri ya wawe vipi. "Mkono mtupu haulambwi" ni kweli kuhusu tabia za wanadamu, na ukweli huo haugeuzi haramu kuwa halali. Mwenye kutoa akiisema, ni mafunzo ya ukarimu. Mwenye kudai akiisema, ni rushwa iliyovishwa kanzu ya wazee. Kwa hiyo tusiwafundishe watoto wetu maneno peke yake, tuwafundishe pia kumtazama anayeyasema ameshika nini na anataka nini.

Methali ambayo si hadithi

Msemo ulioingia katika makala mpya ni huu: "Tumbo ni nyumba ya maradhi." Mara nyingi utausikia katika mawaidha na katika shughuli za ndoa, na mara nyingi msemaji huutanguliza kwa kusema kwamba Mtume (SAW) amesema. Ni msemo wa hekima, na daktari yeyote ataukubali. Lakini Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Zad al-Maad, ameeleza kuwa maneno hayo ni ya Al-Harith bin Kalada, tabibu mashuhuri wa Waarabu kutoka kabila la Thaqif, na kwamba haifai kuyanasibisha na Mtume (SAW).

Huenda mtu akasema hakuna hasara, maadamu maana ni nzuri. Hasara ipo, nayo ni kubwa. Mtume (SAW) ametuonya kwa onyo kali mno, lililopokewa na masahaba wengi, dhidi ya mwenye kumzulia neno kwa makusudi. Na mtoto aliyezoea kusikia kila neno zuri likiitwa hadithi hatakuwa na njia ya kulitambua neno baya litakapoletwa kwa jina hilo hilo.

Isitoshe, hatuna upungufu wa mafunzo sahihi. Katika hadithi ya Miqdam bin Maadikarib (RA), iliyomo kwa Tirmidhi, tumefundishwa kuwa mwanadamu hajazi chombo kibaya zaidi ya tumbo lake, na kwamba ikiwa hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Katika hadithi ya Abu Huraira (RA), kwa Bukhari na Muslim, tumefundishwa kuwa chakula cha wawili kinawatosha watatu, na cha watatu kinawatosha wanne. Umar bin Abi Salama (RA) alipokuwa mtoto, mkono wake ukizunguka huku na huko kwenye sahani, alifundishwa mambo matatu kwa pamoja: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Haya ni ya Mtume (SAW). Methali ni za wazee wetu. Zote zina nafasi kwenye sinia, lakini kila moja iitwe kwa jina lake.

Nyingine chache

Niliziacha zile ambazo kila mtu huzisema na hakuna anayeumia wala kupona kwazo. Niliibakisha "Jungu kuu halikosi ukoko", kwa kuwa bado naiona ikimpa mzee sababu ya kuulizwa neno. Na niliibakisha "Mwenye njaa hana miiko", kwa tahadhari. Sharia yetu imeijua dharura tangu mwanzo, na Surat Al-Baqara, aya ya 173, imemwondolea dhambi aliyelazimika kula kilichoharamishwa, bila ya kupenda wala kuvuka mpaka. Lakini nimesikia methali hii ikisemwa kwa dharau, na watu walioshiba, dhidi ya mama aliyeonekana akiokota mabaki baada ya karamu ya harusi. Katika vinywa vile haikuwa na huruma yoyote. Aliyepaswa kuaibika ni mtaa uliopika majungu sita bila ya kumwita jirani yule.

Hapa ndipo makala iliponifikisha, na hapa ndipo ninapowaomba wazazi wanaosoma ukurasa huu. Watoto wetu wengi hujifunza methali kwa ajili ya mtihani. Wanazijaza nafasi zilizoachwa wazi na wanapata alama zao. Lakini maana zake huzipata kwetu, wakati wa chakula, kwa kutuangalia tunamwambia nani na kwa sauti gani. Wiki hii, ikiwezekana, familia ikae pamoja kwa mlo mmoja, simu ziwekwe mbali, na methali moja ya chakula itajwe. Waulizwe watoto: ni nani angependa kuambiwa hivi, na ni nani angeumia? Wasikilizwe bila kukatizwa, maana huenda mmoja wao anakumbuka neno lililosemwa nyumbani mwenu ambalo ninyi mmelisahau. Na mkiwa na mzee ndani ya nyumba, yeye ndiye aulizwe kwanza.

Mwenyezi Mungu (SW) azibariki riziki zetu, azisafishe ndimi zetu kabla ya mikono yetu kugusa chakula, na asitufanye miongoni mwa walioshiba wasiowajua wenye njaa. Amin. Wabillahi tawfiq.